Mezani kwa Godfrey

Chikongola, Mtwara
6 Mei 2024

Dada yangu Martha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku ni wazima. Doris anakusalimu, na Lucy, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, anauliza kama masista wanaruhusiwa kula ubuyu. Ningekupigia simu kama watu wanavyopigiana, ila kwa kuwa mwaka wa unovisi umekunyang'anya simu, imebidi ninunue bahasha. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa sekondari.

Nina jambo la kukuuliza, na usicheke. Kuna bwana mmoja anaitwa Godfrey, mwenye malori yanayobeba mizigo ya bandarini. Anakuja mara kwa mara pale yadi yetu ya makontena, na tangu nipewe kitengo cha kuruhusu mizigo kutoka tumezoeana. Ana nyumba nzuri Shangani. Jumapili baada ya misa hukaribisha watu watano sita, wanakula pilau, halafu wanacheza poka. Juzi alinikaribisha na mimi. Nikasema najua, maana wewe ulinifundisha mpangilio wa karata enzi zile ukigawa karata kasino kule Dar. Nilipofika mezani wakaulizana, "Leo limiti au poti limiti?" Nikaitikia tu kwa kichwa kama mbuzi. Abuzar, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, alinitazama akatabasamu. Aliona.

Nieleze basi hizo limiti ni nini. Ni mchezo wa kupitisha mchana, dau ni la soda. Barua itume kwa sanduku la posta la yadi, mimi sina langu.

Mdogo wako,
Fredi


Nyumba ya Malezi, Newala
14 Mei 2024

Mdogo wangu Fredi,

Milele amina. Mwambie Lucy ubuyu tunaruhusiwa, tatizo ni kuupata.

Mama Mlezi husoma barua zetu kabla hazijatoka, hivyo nilimwonyesha ya kwako kwanza nikamweleza ninachotaka kujibu. Anajua nilikotoka, sikumficha siku naomba kupokelewa. Akaniuliza kama "blaindi" ni ugonjwa wa macho. Nikamwambia ni dau la lazima: wachezaji wawili wa kwanza kushoto kwa mgawaji huweka kitu mezani kabla hawajaona karata, ili pawe na cha kugombea. Akasema, "Mwandikie. Heri ajue." Kwa hiyo naandika.

Ukikaa kwenye meza yoyote, karata acha kwanza. Uliza dau linapangwaje. Kwenye limiti, kiasi kimefungwa. Mizunguko miwili ya mwanzo mtu anaweka kiasi fulani, mizunguko miwili ya mwisho mara mbili yake, si pungufu wala zaidi. Na kwenye kila mzunguko, dau likishawekwa, linapandishwa mara tatu basi. Maana yake ni kwamba kabla karata haijagawiwa unaweza kukaa na kalamu ukajua mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, ukiwa mbaya kabisa utakugharimu nini. Hii ndiyo meza ya mtu mwenye mke na mtoto.

Poti limiti ni kitu kingine. Hapo kikomo ni lile rundo lenyewe lililopo katikati, na rundo linakua. No limiti, mtu anaweza kusukuma vyote alivyonavyo wakati wowote.

Juu ya zote kuna kanuni moja ambayo tuliilinda kuliko mlango wa kasino: kinachochezwa ni kile kilicho mezani wakati karata zinagawiwa. Mtu akikuzidi dau, unafuata kwa ulichonacho mbele yako na hakuna anayeweza kukulazimisha uingize mkono mfukoni. Bila kanuni hiyo, mwenye nguvu anamfukuza kila mtu.

Na mimi nina swali. Nani anapanga aina ya dau hapo Shangani, na ni nani anayegawa karata?

Dada yako,
Martha


Chikongola, Mtwara
3 Juni 2024

Dada Martha,

Barua yako nimeikariri kama katekisimu! Jumapili tatu mfululizo nimetoka na ushindi. Doris nimemnunulia kitenge, Lucy viatu vya shule. Nikiulizwa naitikia kwa sauti sasa.

Kugawa tunazungukana, na aina ya dau anapanga mwenye nyumba, kama ilivyo adabu. Wiki iliyopita Godfrey alisema, "Jamani, limiti imekuwa ya watoto. Fredi ameshaiva, tumheshimu." Tukahamia poti limiti. Nieleze hesabu yake vizuri, maana naona wenzangu wanasukuma rundo kubwa kuliko ninavyotegemea na nashindwa kujua wamevuka au hawajavuka.

Abuzar ametoka. Alicheza raundi mbili za poti limiti, akakusanya vilivyo vyake, akasema, "Mimi naishia hapa, nashukuru kwa pilau." Godfrey akamwambia karibu tena, hata hakunyanyuka. Nilipotoka kwenda kwenye pikipiki yangu nikamkuta Abuzar bado yupo nje kwenye gari lake, kioo kimeshushwa.

"Kaka Fredi," akaniambia, "mimi nina duka mbili na stoo. Umeona mtu aliyenibembeleza nibaki?"

"Labda wamekuchoka," nikamtania.

Hakucheka. "Toka na wewe," akasema, akawasha gari.

Nadhani ameudhika kwa kupoteza. Wafanyabiashara hawapendi kupoteza hata kidogo. Usiwe na wasiwasi, Godfrey ni muungwana. Juzi alimpa Lucy lifti kutoka shule mvua iliponyesha.

Fredi


Nyumba ya Malezi, Newala
11 Juni 2024

Fredi,

Hesabu uliyoiuliza ni hii. Tuseme katikati kuna vipande kumi vya kuwekea dau. Mwenzako anaweka vitano. Wewe kwanza unafuata kwa vitano, rundo linakuwa ishirini. Sasa unaweza kupandisha kwa ishirini nyingine, si zaidi. Umeweka ishirini na tano wewe peke yako. Anayetaka kukurudishia naye anahesabu hivyo hivyo, na mizunguko ni minne. Dau la soda linakuwa dau la nyumba ukiwa bado unakunywa soda ile ile. Nimewaona watu wazima wakishangaa, wanageuka kutazama nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesukuma vile vipande.

Hiyo ndiyo hesabu. Sasa soma hapa polepole.

Aliyekuwa na fedha kuliko wote ameondoka na hakuna aliyemzuia. Kwenye meza ya kweli ya kamari mtu kama Abuzar hubembelezwa, huongezewa nyama, huitwa kwa jina. Wamemwacha aende na wakabaki na wewe, karani wa yadi, wakakupa ushindi wa wiki tatu na kukuambia umeiva. Kwa hiyo hawatafuti fedha. Jiulize wewe una nini ambacho Abuzar hana.

Mimi nimejiuliza na jibu ninalo, na wewe unalo kila asubuhi unapofungua ofisi.

Usiende Jumapili hii. Usitoe sababu. Na huyo mtu asimpakie tena Lucy kwenye gari lake.

Martha


Chikongola, Mtwara
24 Juni 2024

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia, nisamehe mwandiko. Anuani nimeiona nyuma ya bahasha yako ambayo Fredi ameiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nilimuuliza, "Barua ya dada huisomi?" akasema ataisoma akitulia. Sijaigusa.

Wifi, mdogo wako ana mwanamke Shangani. Naandika nikiwa na uchungu lakini nimeshalia nimemaliza. Kila Jumapili anatoka kanisani anapitiliza huko. Akirudi ananukia manukato ya nyumba ya watu na hali chakula changu. Pikipiki haipo, ananiambia iko kwa fundi, na fundi nimemuuliza hajaiona. Nikimgusa usingizini anashtuka.

Jumamosi walikuja wanaume wawili, Fredi akiwa kazini. Wamevaa vizuri, wana adabu. Walileta mchele gunia zima, sukari na begi la shule la Lucy. Nikasema sijui zimetoka kwa nani. Mmoja akasema, "Kwa rafiki wa familia, shemeji." Yule mwingine alikuwa amechuchumaa anaongea na Lucy, anamtajia jina la mwalimu wake wa darasa. Nikawauliza wamemjuaje mwalimu. Wakacheka tu wakaaga.

Nilipomweleza Fredi alikaa chini sakafuni, pale pale mlangoni. Hakuuliza walileta nini. Aliuliza, "Walimgusa mtoto?" Sasa wifi, ndugu za mwanamke gani huleta mchele kwa mke wa mtu?

Mwandikie. Wewe ndiye anayekusikiliza.

Wifi yako,
Doris


Chikongola, Mtwara
1 Julai 2024

Dada,

Barua yako nimeifungua leo. Niliiacha wiki mbili kwa sababu nilijua utaniambia niache, na mimi nilikuwa sijataka kuacha.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe 16, saa tisa alasiri, jua kali nje na pazia zimefungwa ndani. Tulikuwa tumeshahamia no limiti. Nilipewa kopa mbili kubwa. Karata tatu za kwanza kufunguliwa mezani, zile za kutumiwa na kila mchezaji, zilikuwa saba, nne na tisa, zote kopa. Nina kopa tano, dada. Ikafunguliwa saba ya pili. Nikasukuma vyote, na ufunguo wa pikipiki nao nikauweka juu.

Godfrey akasema, "Nafuata. Na naongeza." Akasukuma rundo mara tatu ya langu.

Nikasema, "Mimi sina cha kuongeza. Nafuata kwa nilichonacho."

"Hiyo ni kanuni ya kasino," akasema. "Hapa ni nyumbani. Ukishindwa kufuata, umekunja, na chako kinabaki hapo."

"Sina fedha nyingine, Godfrey."

"Nani amesema fedha? Weka neno. Neno moja la Fredi kwa siku nitakayohitaji."

Hakuna aliyenitazama, wote walikuwa wanatazama mikono yao. Nilikuwa na kopa tano. Nikasema, "Naweka." Akafunua saba na nne. Saba tatu na nne mbili, na hizo zinazishinda kopa tano. Alinipa mkono, akaniambia nile.

Sasa siku imefika. Kuna kontena linatoka Alhamisi ya tarehe 11. Karatasi zinasema mabati na rangi, kwenda Msumbiji kwa njia ya kivuko cha Kilambo. Anataka nilitoe bila kukagua lakiri iliyofungia mlango wala kulifungua. Nikamuuliza kuna nini ndani. Akasema, "Wewe ulipoweka neno uliuliza nitalitumia wapi?"

Wale watu waliokuja kwa Doris ni wake. Doris anafikiri nina mwanamke, nami nimeacha afikiri hivyo kwa sababu ni afadhali.

Wewe unajua kanuni. Niambie kama ninadaiwa.

Fredi


Nyumba ya Malezi, Newala
5 Julai 2024

Fredi mdogo wangu,

Hudaiwi. Nakuandikia kama mtu aliyesimama nyuma ya meza ile miaka sita: dau lile halikuwepo. Ulisema unafuata kwa ulichonacho, na hapo ndipo mkono ulipoishia. Umepoteza pikipiki na vipande, basi. Mtu akibadilisha kanuni baada ya karata kugawiwa, huo si mchezo tena wa aina yoyote, hata hiyo no limiti. Ningekuwa mimi nagawa ningefunika karata na kuita walinzi.

Lakini najua kwamba mlangoni kwake walinzi ni wa kwake. Kwa hiyo sahau karata.

Fanya hivi kabla ya Alhamisi. Leo hii mwambie Doris yote, akiwa na hasira au hana. Kesho mfuate Abuzar, mwombe akusindikize, uende polisi ukaeleze kontena namba ngapi na siku gani. Usiende peke yako na usipige simu ukiwa yadi. Ukitoa hilo moja litafuata la pili, na hapo utakuwa mtu wao kabisa.

Mama Mlezi amesoma mistari hii akaenda chapeli. Tunakuombea. Naituma kwa basi la asubuhi, ikufikie Jumatatu.

Martha


Shangani, Mtwara
12 Julai 2024

Sista Martha,

Salamu katika Kristo. Hatujaonana, ila Fredi anakutaja sana hata najiona nakufahamu.

Barua yako ya tarehe 5 ilifika kwenye sanduku la yadi, na wale vijana pale, kwa kunisaidia, waliniletea mimi. Nimeisoma. Niseme ukweli, nimeipenda. Unaandika vizuri na kanuni unazijua. Kwa hukumu ya kasino uko sahihi kabisa.

Fredi hakuiona, hivyo usimlaumu kwa kutotii. Mzigo ulitoka jana salama. Kwa kuwa ni mtu mwaminifu nimemwomba ausindikize mpaka Kilambo, apate na upepo wa mtoni. Wanasubiri maji yajae pantoni ivuke.

Sioni sababu ya wewe kuandika barua nyingine za namna ile. Malezi yenu yanahitaji utulivu. Siku moja nikipita Newala nitakuja kusali nanyi.

Wako katika imani,
Godfrey


Chikongola, Mtwara
16 Julai 2024

Wifi,

Fredi yuko hai. Naanza na hilo.

Nimeruhusiwa kumwona mahabusu dakika chache. Ameniambia yote, na nimejiona mjinga na mwanamke wangu wa Shangani. Nilimpiga kibao pale pale mbele ya askari halafu nikamshika nikashindwa kumwachia.

Anasema Ijumaa walikuwa Kilambo wamekaa kivulini wakisubiri maji. Hajalala siku mbili. Dereva akampa muhogo wa kuchoma, akamwambia, "Karibu kazini. Mwezi ujao ni makontena mawili, usiwe na sura hiyo." Fredi akamwambia alikuwa na deni moja tu, limekwisha. Dereva akacheka mpaka akapaliwa. "Hata mimi nilianza na moja," akasema.

Basi akanyanyuka. Aliaga kwamba anakwenda kujisaidia. Akatembea mpaka kwa ofisa wa forodha, akasema, "Mimi ndiye niliyeruhusu lile kontena. Lifungueni." Yule ofisa akamuuliza kama anaumwa. Akarudia. Nyuma ya mabati na ndoo za rangi walikuta masanduku ya risasi, wifi, yamepangwa mpaka nyuma kabisa. Dereva alikimbia akaingia mikokoni, hawajampata.

Wamemshika Fredi kwa sababu sahihi ni yake. Godfrey hayupo. Nyumba ya Shangani imefungwa, hata mapazia hayapo. Abuzar amejitokeza akaandika maelezo ya kile alichokiona pale mezani, na ametutafutia wakili. Mkewe, Amreen, analala kwangu tangu juzi kwa sababu usiku kuna gari linasimama mbele ya nyumba, taa zimezimwa.

Lucy namtuma kwako kesho na Amreen. Mpokee. Asiende shule, asitoke getini.

Doris


Nyumba ya Malezi, Newala
30 Julai 2024

Fredi,

Barua hii nampa wakili mkononi, haipiti sanduku la mtu yeyote. Isome ukiwa umekaa.

Godfrey alikuja. Jumapili tarehe 28 alikaa benchi la nyuma misa nzima, suti ya kijivu, akapiga magoti tunapopiga. Baada ya misa aliomba chumba cha wageni na akataja jina langu. Mama Mlezi alitaka kumkatalia. Nikamwambia nitakwenda, yeye apige simu polisi.

Alinyanyuka nilipoingia. Akanisifu nimekonda kuliko alivyofikiria. Kisha akasema, "Sista, wewe ulikuwa unagawa karata. Mtu mwenye karata mbaya anafanya nini?"

"Anakunja."

"Basi mwambie akunje. Aseme mzigo ulikuwa wake, alipatana na dereva, na mimi hanifahamu. Atafungwa, ndiyo, lakini mke na mtoto watalelewa mpaka atoke. Nakupa neno langu."

Nikamwambia, "Na asipokubali?"

Alitazama dirishani. Lucy alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni anachambua mchicha na mmoja wa wanovisi. Nilidhani kutoka pale hawezi kumwona. Alimwona. Na Lucy akainua kichwa, akamtambua, akampungia mkono kwa furaha.

"Anko Godi!" akaita.

Akampungia naye. Akaniambia polepole, "Tumeshazoeana, unaona. Huwa anakaa kiti cha mbele." Halafu akaaga, akaacha sadaka mezani, akatoka akitembea kama mtu asiye na haraka. Polisi walifika baada ya muda mrefu. Gari lake walilikuta limeegeshwa kando ya barabara ya kushukia Mtwara, tupu.

Sitakuficha, Fredi. Nilikaa sakafuni chumba kile mpaka Mama Mlezi akanishika kwapani kuninyanyua. Jana nimeandikisha maelezo yangu polisi, maneno yake yote, pamoja na barua aliyoniandikia kwa mkono wake na kuweka jina. Wameniambia nitaitwa kuwa shahidi. Nadhiri zangu zilikuwa Agosti, zitasubiri. Mama Mlezi ameniambia mlango utakuwa wazi, na kama hautakuwa wazi nitaugonga.

Usibadilishe neno hata moja katika ulichosema. Akija mtu kwako mahabusu na salamu za Lucy, picha yake, au sauti yake kwenye simu, usimsikilize, hata akikuonyesha kitu unachokijua.

Lucy hayupo tena hapa. Doris anajua. Wewe sikuambii, na wakili sikumwambia, na yeyote atakayekuuliza mtazame machoni umjibu kweli kwamba hujui.

Dada yako,
Martha